Rebmann: Mmishonari aliyedumu Rabai miaka 29 bila mavuno ya kujivunia

MWANAFUNZI wa historia nchini Kenya akiulizwa Johannes Rebmann alikuwa nani, aghalabu hujibu kwa sentensi moja tu: ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Mlima Kilimanjaro. Jibu hilo si la uongo, ila limebeba sehemu ndogo mno ya maisha yake. Safari iliyomfikisha mbele ya theluji hiyo ilimchukua majuma machache ya mwaka wa 1848. Utumishi wake katika vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa, ulidumu miaka 29, na katika muda huo wote hakurudi Ulaya hata mara moja.

Alipoondoka mwaka wa 1875, akiwa kipofu wa kushikwa mkono, Wakristo aliowaacha Rabai walikuwa wachache mno. Kwa mizani ya wengi waliofuatilia kazi ya misheni, hiyo ilikuwa hasara. Kwa mizani ya mabingwa wa jiografia jijini London, alikuwa mtu aliyeletewa umaarufu hadi mlangoni pake akaukataa. Kwa hiyo maisha yake yanamrejeshea Mkristo swali gumu: mtu atashikilia vipi kazi aliyoitiwa ikiwa walimwengu hawamsifu, na yeye mwenyewe akijitazama haoni la kujisifia?

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820, katika mji mdogo wa Gerlingen, eneo la Württemberg, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Eneo hilo lilikuwa kitovu cha vuguvugu la Wapietisti, Waprotestanti walioamini kwamba haitoshi mtu kubatizwa na kuhudhuria ibada. Walikutana majumbani kusoma Biblia, wakaombeana, na kila mmoja alifundishwa kuuchunguza moyo wake siku baada ya siku. Wengi wao waliweka shajara, wakaandika humo makosa yao na neema walizozipata.

Malezi hayo yalikuwa na baraka na hatari zake. Mtu anayejichunguza kila jioni huweza kuwa mnyenyekevu kweli kweli. Lakini pia huweza, bila kujua, kukikalia kiti cha hakimu kisicho chake, leo ajipe haki na kesho ajitie hatiani, huku Mungu akiwa shahidi tu wa kesi inayoendelea baina ya mtu na nafsi yake. Mtume Paulo aliliona jambo hilo mapema alipowaandikia Wakorintho kwamba uamuzi juu ya utumishi wake haukuwa mikononi mwao, wala mikononi mwake mwenyewe.

Kijana huyo alisomea kazi ya umishonari mjini Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Islington, London, kwenye chuo cha shirika la Church Missionary Society, maarufu kama CMS. Wakati huo shirika hilo la Kianglikana lilikuwa na upungufu wa Waingereza waliokuwa tayari kwenda ng'ambo, hivyo likawategemea sana Wajerumani kutoka Basel. Rebmann aliwekewa mikono mwaka wa 1845 na mwaka uliofuata akaabiri chombo kuelekea Afrika Mashariki.

Alitia nanga Mombasa mnamo Juni 1846. Aliyempokea ni Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa Württemberg vilevile, ambaye alikuwa amefika miaka miwili awali. Krapf alikuwa tayari amelipa gharama kubwa. Mkewe Rosine alifariki Julai 1844, muda mfupi baada ya kufika, na mtoto wao mchanga akamfuata kaburini siku chache baadaye. Kaburi la mama huyo liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kwa hiyo Rebmann hakuhitaji kusimuliwa pwani hii ilikuwa mahali pa namna gani kwa mgeni katika siku ambazo hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu.

Agosti 25, 1846, wawili hao walihamia Rabai Mpya, miongoni mwa watu ambao wakati huo waliitwa Wanyika na ambao leo tunawajua kama sehemu ya Wamijikenda. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja, wakawa wakimpanda kwa zamu, huyu akichoka kutembea na yule anashuka. Wazee wa Rabai walikuwa wameridhia wageni hao wakae kwao, na ukarimu huo unastahili kutajwa, maana wamishonari wengi wameandikwa vitabuni kana kwamba walijikaribisha wenyewe.

Kuridhia wageni ni jambo moja, kuifuata dini yao ni jambo jingine. Warabai walikuwa na kaya zao, sala zao na mizimu waliyoienzi, na hawakuona upungufu ambao wageni hao wangekuja kuujaza. Walisikiliza kwa adabu, wakauliza maswali, kisha wakarudi mashambani na kwenye minazi yao. Miezi ikapita, miaka ikapita. Wa kwanza kuitikia alikuwa Mringe, mtu mlemavu asiye na cheo wala mali, aliyebatizwa mwaka wa 1851 akiwa karibu kukata roho. Kwa hesabu ya kibinadamu, miaka mitano ya kazi ilikuwa imezaa mkristo mmoja, naye akazikwa.

Katika kipindi hicho cha mwanzo ndipo zilipofanyika safari zilizomletea Rebmann jina. Mnamo Oktoba 1847 alifika Kasigau, katika nchi ya Wataita. Aprili 1848 alifunga safari nyingine, mara hii kuelekea Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara aliyezijua njia za bara, pamoja na wapagazi wasiozidi kumi. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikwenda na bunduki kwa makumi. Rebmann alikwenda na mwavuli. Watu wa Mombasa waliiona safari hiyo kuwa ya mtu anayechezea roho yake, na kwa kweli njia ile ya Taru na Tsavo ilikuwa na ukame, wanyama wakali na tishio la vita vya Wamaasai.

Asubuhi ya Mei 11, 1848, aliona juu ya mlima kitu cheupe kilichong'aa. Akadhani ni wingu. Akamwuliza Bwana Kheri, naye akamjibu kwamba ni baridi tu, kwa kuwa hakuwa na neno jingine la kukitaja. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, hakuhitaji maelezo zaidi. Kilichofuata kinamfichua mtu huyo kuliko ramani yoyote. Aliketi akafungua Biblia yake pale alipokuwa amefikia katika usomaji wake wa kawaida, katika Zaburi ya 111 inayosifu matendo ya Mungu, akaisoma mlima ukiwa mbele yake. Baadaye alisikia kwa Wachaga kisa cha mtawala wao mmoja wa zamani aliyewatuma watu wapande kileleni wakaangalie kama ile nyeupe ni fedha. Walipotea karibu wote kwa baridi.

Alipokewa vyema na Mangi Masaki wa Kilema. Kabla ya mwaka kwisha alirudi tena Uchaga, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, mtawala mwenye nguvu zaidi, akaahidiwa mengi. Aprili 1849 akaondoka mara ya tatu, akitumaini kupita Machame na kuendelea hadi Unyamwezi. Safari hiyo ilimvunja. Mamkinga alimweka wiki baada ya wiki, akamchukulia vitambaa na bidhaa alizokuwa amebeba kwa ajili ya njia ya mbele, hadi akabaki hana cha kumpeleka popote. Mvua zilikuwa kubwa, naye akashikwa na homa na tumbo. Siku moja alilia mbele ya watu. Walipodhani analilia mali yake, aliwaeleza kwamba mali hiyo ilitoka kwa watu wa kwao waliojinyima ili habari njema ifike Uchaga, na sasa imekwisha bila kazi kufanyika. Akarudi Rabai mikono mitupu.

Hapo ndipo panapoanza sehemu ya maisha yake ambayo vitabu vya shule huiruka. Taarifa yake ya theluji ilichapishwa na CMS mwaka wa 1849, na badala ya pongezi ikaamsha kejeli. Mpinzani mkuu alikuwa William Desborough Cooley, msomi wa London aliyejijengea sifa kwa kuandika juu ya bara la Afrika akiwa mezani kwake. Cooley alishikilia kwamba theluji ya kudumu karibu na ikweta ni jambo lisilowezekana, na kwamba mmishonari huyo ama alidanganywa na macho yake ama na mawazo yake. Krapf alipoona theluji ya Mlima Kenya Desemba 3, 1849, naye akatiwa katika kapu hilo hilo la wazushi. Mwaka wa 1852 Cooley alitoa kitabu kizima juu ya Afrika ya ndani na akaendelea kushikilia msimamo wake.

Isidhaniwe kwamba Rebmann alikuwa malaika asiyejua uchungu. Alijibu, na alijibu kwa ukali wa mtu anayejua alichokiona. Lakini hakuigeuza vita hiyo kuwa kazi yake. Angeweza kurudi Uchaga na vyombo vya kupimia, apande hadi alipoweza, ashike barafu mkononi na kumnyamazisha Cooley mbele ya Ulaya nzima. Hakufanya hivyo. Baada ya mwaka wa 1849 hakuuendea tena mlima ule. Aliyekwenda ni Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani tajiri, aliyeupanda kwa kiasi mwaka wa 1861 na tena mwaka wa 1862, akathibitisha theluji ipo. Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza lilimtunuku von der Decken nishani ya dhahabu mwaka wa 1864. Wakati huo Rebmann alikuwa Rabai, akiandika msamiati.

Mlima wenyewe ni mmoja wa milima mirefu zaidi duniani inayosimama peke yake, na kilele chake kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mojawapo ya barafu zake sasa inaitwa kwa jina la Rebmann. Sifa hiyo imekuja yeye akiwa amekufa, na barafu yenyewe inayeyuka.

Mnamo 1851 Rebmann alisafiri hadi Misri akamwoa Emma Tyler, mjane aliyekuwa katika kazi ya misheni huko, na wakarudi pamoja Rabai. Walipata mtoto wa kiume ambaye hakuishi ila siku chache. Emma alifundisha wanawake na watoto, akauguza wagonjwa, na kwa miaka 15 ndiye aliyeifanya nyumba ile ya Kisuludini kuwa nyumba na si kituo tu. Alifariki mwaka wa 1866. Mumewe alikuwa na umri wa miaka 46, na kwa mila za mashirika ya wakati huo hakuna ambaye angemlaumu kama angepanda meli akarudi kwao. Alibaki.

Kabla ya hapo alikuwa amepishana na rafiki yake mkubwa. Krapf alikuwa na ndoto ya kujenga mnyororo wa vituo vya misheni kuanzia Mombasa hadi pwani ya Atlantiki, ndoto iliyowavutia sana wafadhili Ulaya. Mwaka wa 1851 alirejea kutoka likizo pamoja na watumishi wapya ili kazi ianze. Homa iliwaangusha karibu wote. Mmoja alikufa upesi, wengine wakarudi walikotoka. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt hawakuiunga mkono mbinu ya kukimbia mbele. Walionelea ni heri mahali pamoja palimwe kwa kina kuliko kupanda bendera njia nzima. Krapf mwenyewe alilazimika kuondoka mwaka wa 1853, afya ikiwa imemtupa. Erhardt naye akaondoka mwaka wa 1855. Rebmann na mkewe wakabaki karibu peke yao.

Ni vigumu kuamua nani alikuwa sahihi katika mabishano hayo. Mnyororo wa Krapf haukujengwa katika maisha yake, lakini ulisisimua watu wengine wakaingia barani. Shamba dogo la Rebmann halikuzaa kama alivyotumaini. Linaloonekana wazi ni kwamba Krapf alikuwa na mpango uliosifiwa na watu, na Rebmann alikuwa na mpango usiomfurahisha yeyote.

Hata hivyo, umaarufu ulikuja kumtafuta tena. Kutokana na habari walizokusanya kwa wafanyabiashara wa pwani na watumwa waliotoka bara, Erhardt na Rebmann walitengeneza ramani iliyochapishwa mwaka wa 1856, ikionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki. Ziwa hilo lilichorwa na umbo la ajabu, na wengi walicheka. Ukweli ni kwamba habari za maziwa matatu, Nyanza, Tanganyika na Nyasa, zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja. Licha ya kasoro hiyo, ramani ile ndiyo iliyochochea msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke.

Januari 1857 Burton na Speke walifika Kisuludini kumtembelea. Ilitarajiwa London kwamba Rebmann angefuatana nao, kwa kuwa alizijua lugha, aliwajua watu na alikuwa ameionja njia. Alikataa. Wenzake hao wakaenda, na mwaka wa 1858 wakafika Ziwa Tanganyika, kisha Speke akaliona ziwa kubwa analoliita hadi leo kila mtu kwa jina la Victoria. Majina yao yaliingia vitabuni. Rebmann na mkewe, katika mwaka huo wa 1857, walikuwa wakikimbia uvamizi wa Wamaasai ulioharibu vijiji vya bara ya Mombasa, wakajihifadhi Unguja kwa muda kabla ya kurudi Kisuludini na kuanza upya.

Kurudi huko ni jambo la kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ukaidi na utii hufanana sana ukivitazama kwa mbali. Mtu anaweza kung'ang'ania mahali kwa sababu Mungu amemweka hapo. Anaweza pia kung'ang'ania kwa sababu kuondoka kungekuwa kukiri kwamba miaka yake imepotea. Wapo wakati huo waliomwona Rebmann kuwa mtu aliyezoea upweke, asiyepokea ushauri, aliyejifungia na madaftari yake. Lawama hizo hazikuwa za bure.

Madaftari yenyewe ndiyo yaliyokula sehemu kubwa ya siku zake. Alishughulikia lugha tatu: Kirabai, Kiswahili cha Mombasa, na lugha ya watu wa Ziwa Nyasa ambayo leo inajulikana zaidi kama Kichewa au Kinyanja. Hii ya tatu alijifunza bila kufika Nyasa. Mwalimu wake alikuwa mtumwa aitwaye Salimini, aliyeletwa Mombasa kutoka huko. Katikati ya miaka ya 1850 waliketi pamoja kwa muda mrefu, Salimini akitaja maneno na kuyaeleza, Rebmann akiandika. Alitumaini siku moja wamishonari wataifikia nchi hiyo na wakute kitabu kikiwangoja.

Tatizo ni kwamba hakuwa akimaliza. Krapf alikuwa mwepesi wa kuchapisha. Alitoa sarufi ya Kiswahili mwaka wa 1850, wakati wazungumzaji wa lugha hiyo Ulaya hawakuwapo kabisa. Rebmann aliona kazi za rafiki yake zina makosa mengi ya haraka, na kwa kiasi fulani alikuwa na haki. Lakini yeye alipima neno, akalipima tena, akalifuta na kuliandika upya, na miaka ikapita kabla hajaridhika. Kamusi haikufika kwa mchapishaji. Vijana waliohitaji kitabu hawakuwa na kitabu.

Katika jambo hili huenda ndiko alikokwama zaidi kuliko katika uhaba wa waumini. Mtu aliyeweza kuvumilia kudharauliwa na Cooley, aliyeweza kuiacha dhahabu ya mabingwa wa jiografia ipite mlangoni, hakuweza kujivumilia mwenyewe katika ukurasa wenye kasoro. Sifa za watu alizishinda mapema. Ile idhini ya nafsi yake, inayosema sasa kazi inafaa, aliingoja kwa miongo miwili, na haikumjia. Wapietisti wa Gerlingen wangeitambua kesi hiyo mara moja: ni ile ile ya mtu anayekesha juu ya moyo wake, ila mara hii imehamia kwenye msamiati.

Kazi ya Rabai, kwa upande mwingine, ilikuwa ikikua kwa namna ambayo haikuonekana katika takwimu. Mzee Abe Gunja alikuwa ameamini na kubatizwa, na mwanawe Nyondo pia, akapewa jina Isaac. Mwaka wa 1864 walifika wasaidizi waliobadili sura ya kituo: George David, William Jones na Ishmael Semler. Hawa walikuwa Waafrika waliotekwa na wafanyabiashara ya watumwa wangali watoto, wakaokolewa baharini na meli za Uingereza, wakapelekwa India na kusomeshwa huko na wamishonari. Walirudi katika bara lao wakiwa Wakristo wenye ujuzi wa ufundi na ualimu. Rebmann aliwapokea akiwa mtu mzima, mwenye macho yanayofifia.

Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kumshawishi Sultan Barghash wa Unguja akomeshe biashara ya watumwa baharini, na mkataba ukatiwa saini Juni mwaka huo. Katika ziara hiyo Frere alifika Kisuludini. Alimkuta Rebmann amezeeka kabla ya wakati, karibu haoni kabisa, akiwa amezama katika kamusi zake, na waumini wachache wakimzunguka. Wageni waliofika huko miaka hiyo waliondoka na hisia mbili kwa pamoja, heshima kwa mtu huyo na masikitiko kwa kazi yake. Misheni ya Afrika Mashariki ilikuwa imekaribia kusahaulika, na kama isingekuwa kwamba mtu mmoja hakutaka kuondoka, pengine kusingekuwa na misheni ya kukumbuka.

Kuondoka hatimaye kulimpasa. Novemba 1874 alifika William Salter Price na kundi jipya la watumishi, wakiwa na fedha na maagizo ya kujenga makao ya watumwa walioachwa huru. Mwaka wa 1875 walianzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakakiita Frere Town. Kengele yake ndiyo iliyopaachia mahali hapo jina la Kengeleni, ambalo wasafiri wa matatu hulitaja kila siku bila kufikiria asili yake. Kwa Rebmann hayo yalikuwa mambo ya watu wapya. Hakuweza kuusoma waraka wala kumtambua mtu kwa uso. Aliondoka mwaka huo wa 1875, akiongozwa na Isaac Nyondo, mtoto wa yule mzee wa Rabai aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuamini. Ikiwa kulikuwa na siku ya mmishonari huyo kujiuliza miaka 29 ilizaa nini, sehemu ya jibu ilikuwa ni mkono uliomshika.

Alikwenda kuishi Korntal, kijiji cha Wapietisti karibu na alikozaliwa. Krapf alikuwa akiishi huko huko. Marafiki hao wawili, waliopishana kwa hoja na kutenganishwa na bahari kwa zaidi ya miaka 20, wakawa majirani. Rebmann alioa tena, mjane aitwaye Louise Däuble, lakini mwili ulikuwa umechoka. Mwaka wa 1876 Injili ya Luka aliyoifasiri kwa Kiswahili cha Mombasa ilichapishwa karibu na Basel. Oktoba 4 mwaka huo huo akafariki kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 56.

Yale madaftari yasiyokwisha yaliangukia mikononi mwa Krapf, mtu yule yule ambaye haraka yake Rebmann aliikosoa. Krapf aliihariri kamusi ya Kinyasa, ile iliyotoka kinywani mwa Salimini, nayo ikachapishwa mwaka wa 1877. Wakati huo wamishonari wa Uskoti walikuwa wamekwisha kufika Ziwa Nyasa. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf mwenyewe, iliyonufaika pia na kazi ya Rebmann, ilitoka mwaka wa 1882, miezi michache baada ya Krapf naye kufa Korntal, Novemba 26, 1881. Ile ya Kirabai ilitoka mwaka wa 1887, ikiwa na majina ya wote wawili.

Rabai ilibadilika kwa sababu ambazo Rebmann hakuzipanga. Katika miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mabwana zao wa pwani walianza kukimbilia kituoni. William Jones, aliyefika mwaka wa 1864 kumsaidia mmishonari mpweke, alikuwa sasa miongoni mwa viongozi wa mahali hapo, naye akawekewa mikono mwaka wa 1885 pamoja na Semler. Jones alijua mtumwa ni nini, na hakuwafukuza. Watoro wakaongezeka, wakajenga vibanda, wakalima, wengi wakaingia katika madarasa ya ubatizo. Mabwana zao walikasirika, wakatishia kukichoma kituo. Hatimaye George Mackenzie, wa kampuni ya Uingereza iliyokuwa imeanza kutawala pwani, aliamua kuwalipa wenye watumwa fidia. Januari 1, 1889, hati za uhuru zilianza kutolewa hapo Rabai, na waliokombolewa kwa mpango huo katika vituo vya misheni walikuwa takriban 1,400. Majina yaliitwa moja moja, na kila aliyeitwa alisogea mbele kupokea karatasi yake.